Riba ya benki kuu ikipanda, benki yenye hisa zako inapata au inaumia?

Ndugu, umeuliza benki kuu ikipandisha riba kama benki uliyonunua hisa zake itapiga faida zaidi. Mwanzoni mara nyingi ndiyo, maana mikopo yenye riba inayobadilika inapanda chap halafu riba wanayolipa kwenye akiba inajikongoja nyuma, hapo katikati ndo wanapokula. Ila subiri kidogo, mkopaji aliyekuwa anaungaunga rejesho sasa anashindwa, mikopo chechefu inaongezeka, benki inatenga hela ya hasara na faida inaliwa hukohuko.

Halafu hatifungani, yaani mkopo ambao benki inaikopesha serikali au kampuni na kulipwa riba, hii wengi hawaiangalii kabisa. Chukua hatifungani ya 100 inayolipa 5 kwa mwaka, mpya zikianza kulipa 8 nani atainunua ya zamani kwa 100? Bei inashuka. Silicon Valley Bank kule Marekani ilinaswa hapo Machi 2023, wateja walikuwa wanatoa hela, ikauza hatifungani kwa hasara, habari ilipotoka wakakimbilia wote ikaanguka ndani ya siku mbili tu.

Kabla hujaongeza hisa fungua ripoti yao ya robo mwaka uangalie mikopo chechefu, na amana za muda maalumu (hela za wateja zilizofungwa kwa muda fulani) zikiwa nyingi ujue riba ikipanda gharama zao nazo zinapanda mapema.