Mnunuzi wa London kakukatalia, ila hakukwambia

Mdogo wangu, umenitumia barua pepe ya yule mnunuzi wa London ukaniuliza: "Kaka, huyu kakubali au kakataa?" Shangazi naye akadakia hapohapo kwenye kundi la familia kwamba Wazungu ni wanafiki, na kwamba mimi niliyezamia huku Rotterdam, Uholanzi, lazima nitakuwa nimeshawajua. Kakataa.

Najua ukiisoma ukiwa Moshi kila mstari ni asali. Kashukuru. Kasema sampuli ya kahawa yenu "ina mambo ya kuvutia", na "huenda ikapatikana namna ya kulirudia suala hili huko mbele". Haya, nitafutie humo tarehe. Nitafutie idadi ya magunia, au bei. Hamna. Mwingereza anayetaka mzigo atazunguka weee na "labda" na "pengine" zake, lakini mwishowe atataja kitu kinachohesabika. Asiyetaka anakuachia ulaini mtupu, na anaamini kabisa kwamba ameshakwambia.

Unafiki siuoni. Shangazi mwenyewe akialikwa harusi asiyotaka kwenda hujibu "Mungu akipenda", na wenye harusi wanapunguza sahani moja bila kumuuliza tena. Hawa nao wana "Mungu akipenda" yao, tofauti ni kwamba hujakulia kwao.

Na kwa kuwa mnaniuliza kila siku maisha ya huku yakoje, mnadhani shida ni baridi. Baridi ina koti. Shida ni bosi Mwingereza anayekuandikia, "Sijui kama utapata nafasi ya kulitupia jicho hili kabla ya Ijumaa." Ukitoka kwetu unaona ni ombi, tena la mtu mpole, unaliweka kando. Kumbe ni amri, na Ijumaa ni Ijumaa. Hakuna atakayekufokea. Mwisho wa mwaka kwenye tathmini yako inaandikwa kwamba "ingependeza ukijituma zaidi kidogo", na hiyo "kidogo" ndiyo nyongeza ya mshahara imeondoka. Nimewaona wageni wenzangu, wasomi wazuri tu, wamekaa kiti kilekile miaka nenda rudi, kila siku wakisifiwa. Hilo kwenye picha tunazowatumia halionekani.

Waholanzi afadhali. Huyo anakuandikia mistari miwili: kahawa ina harufu ya ukungu, hatuchukui, leta nyingine. Inauma, lakini ukileta nyingine ataionja.

Sasa nigeukie kwetu, maana na sisi tuna ulaini wetu. Wao wanalainisha kukataa, sisi tunalainisha habari mbaya. "Mzigo uko mbioni." "Tunajitahidi." Mzigo wenyewe bado uko ghalani. Tangu mwishoni mwa 2023, meli nyingi za kuja Ulaya zilipoanza kukwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini, kila mnunuzi amezoea kuchelewa. Kinachomkera ni kufungua kompyuta kuifuatilia meli na kukuta haijaondoka, wakati jana ulimwandikia iko mbioni. Andika: "Meli haijafika Dar. Tunategemea kupakia kati ya tarehe 12 na 16. Tarehe 10 nitakupa habari mpya." Hapo "tunategemea" haimsumbui mtu, kwa sababu ina tarehe pembeni.

Halafu yapo maneno ya kusitasita ambayo si adabu tu, ni sheria, na hayo ndiyo yanayofilisi watu. Mnunuzi akikuandikia kwamba ananunua kwa sharti la kuikubali sampuli, bila kukubali hakuna mauzo, usikimbilie benki kukopa. Hapo hujauza kitu. Na mkilipana kwa LC, yaani barua ambayo benki ya mnunuzi inaahidi kukulipa ukitimiza masharti yaliyoandikwa humo, benki nyingi zinafuata kanuni za kimataifa za LC ziitwazo UCP 600, zilizoanza kutumika 2007. Humo neno "takriban" lina kipimo: asilimia 10 juu au chini. LC ikisema takriban magunia 320, ambayo ni kontena moja la futi 20, unaruhusiwa kuanzia 288 hadi 352. Ikisema kupakia "tarehe 15 Juni au karibu na hapo", una siku tano kabla na siku tano baada, yaani tarehe 10 hadi 20. Lakini "haraka iwezekanavyo" benki hailihesabu kabisa, ni kama halikuandikwa. Kwa hiyo neno linaloonekana legevu linaweza kukuokoa, na lile linaloonekana kali lisikusaidie lolote.

Huyu wa London mjibu kwa heshima, mistari mitatu inatosha: asante, msimu ujao nitakutumia sampuli nyingine, je, ungependa daraja gani na magunia mangapi? Akirudi na asali tena, achana naye, usimkalie.

Ila yule wa Hamburg uliyemsema hana adabu, aliyekuuliza bei ya FOB Dar, yaani bei ya mzigo ukishapakiwa melini Dar, kwa mstari mmoja bila hata salamu, mbona hujamjibu mpaka leo? Huyo ndiye anayetaka kahawa. Mpe bei, idadi ya magunia, na siku ambayo bei hiyo inakwisha. Salamu mpe au usimpe, hatajali.