Maswali Yenu: Eti kuna miji inampa msanii nyumba ndani ya bustani ya umma?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mchoraji, nakaa Mbagala, nachorea kwenye korido ya nyumba ya kupanga. Mvua ikinyesha naingiza kazi zote chumbani nazipanga juu ya kitanda, na mwenye nyumba akiona tone la rangi sakafuni ananuna wiki nzima. Kuna rafiki yangu kanambia huko mbele kuna miji inampa msanii nyumba ndani ya bustani ya jiji, anaishi humo anafanya kazi zake na kodi halipi hata senti. Ni kweli au ananipanga? Na kama ni kweli mtu kama mimi naanzia wapi?
*Mchoraji wa korido, Mbagala*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Rafiki yako hajakupanga, ila habari kakupa nusu, na nusu aliyoiacha ndio yenyewe hasa.

Mji ninaoujua vizuri kwa jambo hili ni Vancouver, Kanada. Kule bustani nyingi za mitaani, zile zenye viwanja vya mpira na bembea za watoto, zina kijumba pembeni chenye vyoo na vyumba vya kubadilishia nguo, na hapo hapo kuna vyumba vichache alimokuwa anaishi mtunzaji wa bustani na familia yake, anafungua vyoo asubuhi anafunga usiku na anaangalia usalama wa uwanja. Mpango ule wa watunzaji ukaja kusitishwa, wazee wakawa wanastaafu mmoja mmoja na nyumba zinabaki tupu. Sasa jiji lingeweza kuzifunga na makufuli au kuzigeuza stoo za mashine za kukatia nyasi, lakini kuanzia kama 2011 hivi bodi ya bustani ya Vancouver ikaanza kuwapa wasanii. Kodi hulipi, unaweza kukaa nayo mpaka miaka mitatu, na badala ya kodi unalipa saa. Saa 350 kwa mwaka za kufanya sanaa pamoja na watu wa mtaa ule. Hebu igawe mwenyewe, inakuja karibu saa saba kila wiki, mwaka mzima, jua na mvua, na mvua ya Vancouver si mchezo.

Kwa hiyo ile "bure" ya rafiki yako ndio hiyo. Na jingine ambalo hakukwambia, nyumba zile kwa kawaida ni studio, unaingia asubuhi unafanya kazi na jioni unarudi kwako kulala. Mtunzaji wa zamani ndiye alikuwa anaishi pale, msanii hapana. Wala hakuna mshahara kwenye hilo dili, jiji linatoa paa, taa na mlango, hela ya kula unaitafuta mwenyewe.

Sasa zile saa zinatumikaje, maana hapo ndipo mimi napapenda. Kuna msanii wa kule anaitwa Sharon Kallis. Vancouver wana msitu mkubwa ndani ya jiji, Stanley Park, zaidi ya hekta 400, na Desemba 2006 upepo mkali uliangusha kama miti elfu kumi humo ndani. Watu walilia jamani, msitu wenyewe wanaujua tangu utotoni. Baadaye wakaitwa wasanii watengeneze kazi kwa vitu vya humo humo msituni, kazi za kuoza na kurudi udongoni, na Kallis akaangukia kwenye aivi. Aivi ni mmea unaotambaa uliotoka Ulaya, kule ni mvamizi, unafunika ardhi yote na kupanda juu ya miti, na watu wa mazingira wanaung'oa na kuutupa kwa marundo. Yeye akasema msitupe. Akakusanya watu, wakapukuchua majani, wakaviringisha zile kamba, wakaanza kusuka nyavu za kutandaza ardhini ili udongo usichukuliwe na maji.

Halafu ndio ikaja nyumba ya bustani. MacLean Park ni kibustani kidogo kwenye mtaa wa Strathcona, mtaa wa zamani wenye watu wa kila namna, na nyumba ya mtunzaji ya pale ikageuzwa studio ya wasusi, Kallis akiwa na wasusi wa mataifa ya asili ya pwani ile, akiwemo Todd DeVries ambaye ni Mhaida. Wahaida na jirani zao wamesuka gome la mwerezi toka enzi na enzi, kofia, vikapu, mikeka, ila gome la mwerezi kwa mtu anayeishi mjini siku hizi kulipata ni kazi, wakati aivi inatupwa kila siku. Basi wakawa wanajaribu mkono ule ule wa mwerezi kwenye mmea mvamizi, na yeyote anayepita na mtoto wake au mbwa wake anakaribishwa ajaribu. Unaona mambo yalivyokaa hapo? Bustani inasafishwa, ujuzi wa wazee unapata malighafi na jirani anajua jina la jirani. Ndio maana nakwambia zile saa 350 ndio kazi yenyewe, usizione kama kodi ya kukimbilia umalize ukapumzike na turubai yako.

Kama unataka mfano wa msanii kuishi kabisa bustanini, kulala na kupika, upo ila ni wa pekee. Indianapolis, Marekani, makumbusho yao ya sanaa yalifungua bustani kubwa mwaka 2010 yenye ziwa katikati, na msanii Andrea Zittel akajenga kisiwa cha kuelea, kuba jeupe lenye upana wa kama mita sita hivi, ndani mtu anaweza kuishi. Majira yale ya joto vijana wawili wakaishi humo wakawa wanabadilishana vitu na wageni, unawapa kitu na wao wanakupa kitu. Na mwaka 2009 New York, Mary Mattingly na wenzake waliishi kwenye tishari walilolipa jina Waterpod, wanakuza mboga, wanakinga maji ya mvua, wanafuga kuku, na tishari linazunguka linatia nanga kwenye gati za mitaa mbalimbali, wananchi wanapanda kuangalia. Lakini hiyo ni miezi michache ya kiangazi na maandalizi yake ni makubwa sana, sio suluhisho la korido yako.

Sasa wewe. Kwanza ondoa kichwani kwamba kuchora hadharani ni kitu cha wazungu. Edward Said Tingatinga alipoanza kuchora mwaka 1968 hakuwa na studio, alikuwa anakaa nje pale Morogoro Stores, Oysterbay, anachorea kwenye mbao za dari watu wakipita na mizigo yao ya sokoni, na wanafunzi wake wakajifunza pale pale kwa kumwangalia, na mpaka leo wachoraji wa ushirika wa Tingatinga wako eneo lile. Hiyo ni shule iliyoanzia barazani, na alifariki 1972 tu, yaani miaka minne imetosha kuzaa mtindo unaojulikana dunia nzima.

Kwa hiyo mimi nisingekushauri uende halmashauri ukaseme "naombeni chumba". Kila mtu anaomba chumba. Tafuta kwanza bustani au eneo la wazi ambalo halmashauri inalimiliki kweli na lina kijengo kisichotumika, kibanda cha mlinzi, stoo, choo cha zamani. Jiandikishe BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kama bado hujajiandikisha, usije ukakwama kwa karatasi. Halafu andika barua ya ukurasa mmoja kwa afisa utamaduni, nakala serikali ya mtaa, na kwenye hiyo barua anza na saa utakazotoa, kabla ya shida zako. Jumamosi ngapi utachora na watoto, siku gani utafundisha kuchanganya rangi, ukuta gani wa choo utaupaka na nani. Sema miezi sita ya majaribio. Ofisa akiona muda wa mwisho umeandikwa anapumua, maana hofu yao kubwa ni kumpa mtu chumba cha umma halafu mtu hatoki. Na wakati unasubiri jibu, nenda Nafasi Art Space pale Mikocheni, wapo tangu 2008, studio zao nyingine ni makontena, ukae na wenzako, ujue wanaendeshaje sehemu ya pamoja bila kugombana. Peke yako koridoni utachoka mdogo wangu.

SWALI: Mimi ni mzazi, nakaa Ilala. Hayo mambo ya msanii kupewa nyumba bustanini nayaona kama njia nyingine ya kumega maeneo ya wazi. Watoto wetu hawana pa kuchezea, kila kiwanja leo kina baa kesho kina fremu, na sasa aingie msanii naye afunge geti. Bustani ni ya wote, kwa nini apewe mtu mmoja?
*Baba Ashura*

JIBU: Baba Ashura, hofu yako ni halali na nisingependa mtu akupuuze. Maeneo ya wazi yakishaondoka hayarudi, na kila aliyemega alikuja na sababu nzuri.

Ndio maana angalia Vancouver walichofanya na ambacho hawakufanya. Hawakukata mti, hawakumwaga zege jipya, walitumia nyumba iliyokuwepo na iliyokuwa imebaki tupu. Msanii ana tarehe ya kuondoka. Na mlango wake unahesabiwa saa ngapi umekuwa wazi kwa watu. Ukitoa moja tu kati ya hayo matatu basi mimi mwenyewe nasimama upande wako, nasema geti lisifungwe na msanii aondoke.

Ila kuna kitu kingine naomba ukifikirie. Msanii aliyekaa mahali muda mrefu huwa anaona vitu ambavyo ofisi haivioni. Mierle Laderman Ukeles ni msanii mkazi wa idara ya usafi ya jiji la New York tangu 1977, na nafasi yenyewe haina mshahara. Kati ya 1979 na 1980 alizunguka jiji zima akawapa mkono wafanyakazi wa taka 8,500, mmoja mmoja, akimshukuru kila mmoja kwa kuliweka jiji hai. Watu waliokuwa wanapitwa kama hawapo, fikiria. Na aliendelea, dampo kubwa la Freshkills kule Staten Island, lililoanza kumwagwa taka 1948 na kufungwa 2001, linageuzwa kuwa bustani ya umma yenye ukubwa karibu mara tatu ya Central Park, ile bustani maarufu ya jiji hilo hilo, na Ukeles ni msanii wa bustani hiyo. Alikuwepo wakati ni taka na yupo linapoota majani.

Halafu yule Mattingly wa tishari. New York sheria ya bustani inakataza kuchuma kitu, hata tunda la kuliwa. Mwaka 2016 akapanda msitu wa chakula juu ya tishari jingine, Swale, kwa sababu majini sheria ile haifiki, akalitia nanga pembeni ya bustani na watu wakawa wanapanda wanachuma mboga na matunda bure, wengi wanatoka mitaa ambayo mboga mbichi kuipata ni shida. Mwaka uliofuata idara ya bustani yenyewe ikaruhusu sehemu ya kuchuma chakula nchi kavu, Concrete Plant Park kule Bronx. Hapo bustani haikupungua Baba Ashura, iliongezeka.

Kwa hiyo badala ya kukataa moja kwa moja, nenda kwenye mkutano wa mtaa ukadai masharti. Nyumba iliyopo tu, muda wenye mwisho, mlango wazi, na kila baada ya miezi mitatu msanii asimame mbele ya wakazi aeleze alichofanya. Mzazi anayeuliza maswali magumu ndiye anayefanya mpango wa namna hii usiharibike.

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni Mpemba naishi Burnaby, jirani na Vancouver, nimekuja huku kwa wanangu. Nasuka ukili, zile tepe za majani, na kushona mikeka toka nina miaka saba, ila huku sina miyaa ya kusukia, na Kiingereza changu cha kuombea maji. Nimesikia kuna bustani za wasusi. Na mimi wataniruhusu?
*Bi Mkubwa wa Burnaby*

JIBU: Waaleikum salaam, na shikamoo mama yangu. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote.

Huhitaji ruhusa ya mtu. Studio hizi za bustani zinadaiwa saa za kukaa na watu kama wewe, zina siku za wazi ambazo unaingia tu, unakaa, unashika kazi. Kundi la akina Kallis linaitwa EartHand Gleaners, wanasuka, wanasokota nyuzi, wanapanda hata kitani kwenye vipande vya bustani ili watu waone nguo inavyoanza kwenye mbegu. Mwambie mwanao akutafutie siku yao ya wazi, akusindikize mara ya kwanza tu. Kiingereza kisikutie hofu, msusi akiona vidole vyako vinavyokwenda atakuwa ameshakuelewa.

Kuhusu miyaa, utaanza na walichonacho. Aivi sio miyaa, ni kamba ya duara sio jani la kupasua, kwa hiyo itafaa zaidi kwa vikapu kuliko ukili. Usiisuke mbichi, ikikauka inasinyaa na kazi inalegea yote, iache ikauke kwanza halafu iloweke tena ndio uifanyie kazi. Kwa ukili ulizia majani marefu, bapa, yanayoota kwenye maji, nayo ulowekaji wake ni kama ulivyozoea kwa miyaa. Utayajua ukiyashika, wewe sio wa kufundishwa hilo.

Na ukishazoeana nao, tafuta wenzako wawili watatu wanaojua kazi hii, na nafasi za nyumba zikitangazwa tena muombe kama kikundi, mwanao awajazie fomu. Mkeka wa kushonwa kwa ukili sidhani kama bustani zile zimeshauona ukitengenezwa. Siku ya kwanza usiende mikono mitupu mama, beba ukili wowote ulioletewa kutoka nyumbani, hata kipande, uwape washike.