Pikapu ya umeme hadi Biano: hesabu ya kurudi hutangulia

Yaya yangu, yaani kaka yangu mkubwa, alipoleta pikapu ya umeme kutoka Dar es Salaam, ikiwa imebebwa juu ya lori kupitia Tunduma hadi Kasumbalesa, majirani wa komini yetu ya Kenya hapa Lubumbashi, Kongo, walikuja kuitazama jioni tatu mfululizo. Swali lilikuwa moja tu: inakwenda kilomita ngapi? Kitabu chake kinasema 330, nami nikawajibu hivyo hivyo. Leo, baada ya kwenda nayo mara mbili kulala porini kwenye uwanda wa Biano, nisingejibu kwa kilomita. Ningeuliza kwanza: unakwenda wapi, umebeba nini, na utarudi kwa kuran, yaani umeme, ya nani?

Naandika kwa ajili ya wale wanaofikiria safari kama hii. Mara ya kwanza hatukufika. Mara ya pili tulifika, tukalala siku mbili, tukarudi bila kumsumbua mtu.

Biano ni uwanda wa juu, kaskazini ya mji wa Likasi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Anayefika huko mwezi wa saba haamini kwamba yuko Katanga ile ile ya miombo. Miti inakwisha, nyasi fupi za manjano zinaenea hadi macho yanapochoka, na chini ya nyasi ni mchanga mweupe. Ni mchanga wa Kalahari, ule ule wa jangwa la Botswana na Namibia, ulioletwa na upepo zamani sana ukatanda juu ya nyanda zetu: Biano, Kundelungu, Manika, Kibara. Mvua ya masika inanyesha pale kama kwetu, lakini kiangazi unaweza kukaa kutwa usione maji, na mchanga haujali kwamba hili si jangwa. Gari linazama vilevile.

Safari ya kwanza tuliondoka alfajiri na betri imejaa. Betri yetu inabeba kilowati-saa 88. Tulikuwa watano: yaya, watoto wake wawili wa kiume, mke wake na mimi, pamoja na hema mbili, lita 60 za maji na gunia la makala (makaa) ambalo hatukulihitaji. Barabara ya Likasi ni kilomita 120 za lami, malori ya shaba yanakufuata na mengine yanakuja mbele, na yaya akaenda kilomita 100 kwa saa ili asifinyangwe kati yao. Tulifika Likasi na asilimia 62. Tulikuwa tumepatana na mwenye karakana mmoja atuchajie. Kumbe mtaa mzima haukuwa na kuran tangu usiku. Tukangoja saa mbili. Watoto wakaanza kuuliza. Yaya akasema, "Twende tu, mdogo wangu, 62 ni nyingi." Nami, niliyekuwa na daftari la hesabu mkononi, nikanyamaza kwa sababu ni mkubwa wangu na gari ni lake.

Kilomita 60 za lami baada ya Likasi zilikula asilimia 18. Tulipoingia kwenye udongo mwekundu, namba zikaanza kushuka upesi zaidi. Chini ya mlima wa Biano, kabla hata ya kupanda, tulikuwa na 33. Hapo nikasema, "Yaya, tugeuze." Hakubishana. Tulilala palepale kando ya barabara, watoto wakiutazama uwanda ulio juu yao kama watu wanaotazama sherehe kupitia dirishani. Hadi leo nasikitika kwamba sikusema neno lile Likasi.

Basi hesabu yenyewe ni hii, na ichukueni hata kama mtaacha mengine yote. Usigawanye kilomita za kitabu. Gawanya barabara yako vipande, kila kipande na ulaji wake, halafu anza na vipande vya kurudi. Kwa gari letu lenye mzigo, karibu tani 2.8, nimepata hivi: lami kwa mwendo wa 70, kilowati-saa 20 kwa kila kilomita 100, lami hiyo hiyo kwa mwendo wa 100, inafika 28, udongo wenye mashimo, 26 hadi 30, mchanga laini, 45 hadi 50. Mlima unahesabiwa peke yake. Kuinua tani 2.8 kwa mita 400 ni kilowati-saa 3, na ukiongeza kinachopotea njiani ni tatu na nusu. Kushuka kunakurudishia sehemu yake, kwa sababu mota inageuka dinamo, lakini usiitegemee: betri ikiwa imejaa, au ikiwa ya baridi asubuhi, haipokei.

Ukishajumlisha kurudi hadi mahali penye kuran ya uhakika, igeuze kuwa asilimia ya betri, halafu ongeza asilimia 20 ambazo huzigusi. Jumla hiyo iandikwe kwenye karatasi na ibandikwe mbele ya dereva. Sisi tuliandika asilimia 50. Maana yake, popote tutakapokuwa, namba ikigonga 50 tunageuza, hata kama mahali pazuri pako nyuma ya kilima kinachofuata. Karatasi ilinisaidia kwa jambo lingine pia: mdogo hamwambii mkubwa ageuze. Karatasi ndiyo iliyosema.

Sasa kuran. Hapa ndipo watu wengi watakwama, tena hata kabla ya kufika porini.

Waya wa chaji unaokuja na gari unachomekwa kwenye prizi ya kawaida ya nyumba. Unavuta ampea 10, yaani kilowati 2.3 hivi. Betri tupu ya 88 itahitaji zaidi ya saa 38. Tena hizo ni saa za kuran isiyokatika na yenye volti 220 kamili. Katika mitaa yetu, jioni watu wote wanapowasha resho (jiko la umeme), volti zinashuka, na gari likiona zimeshuka mno linakataa. Sisi tunachaji kuanzia saa nne usiku, majirani wakishapika.

Jambo la pili ni waya wa ardhi, ule ambao mafundi wetu wanauita teri. Nyumba nyingi hazina. Redio haijali, friji haijali, lakini waya wa chaji wa gari unapima kwanza kama teri ipo, na isipokuwepo unawasha taa nyekundu na hautoi kitu. Mwenye gari anadhani limeharibika. Mwite fundi umeme apigilie nguzo ya shaba ardhini, mahali penye unyevu, aiunganishe kwenye prizi hiyo na aipime. Kiangazi udongo wetu unakauka sana na teri inadhoofika. Mwagia maji pale kwenye nguzo. Na msikubali fundi anayetaka kuunganisha teri kwenye bomba la maji au kuidanganya mashine kwa waya mfupi ndani ya prizi. Teri ndiyo inayomlinda mtoto atakayeshika mlango wa gari siku waya utakapochubuka.

Hayo hayo yalitupata kwenye jenereta. Safari ile ya kwanza, tukirudi, tulisimama kwenye misheni moja mwanzo wa lami tukiwa na asilimia 20. Tuliomba grupu yao, yaani jenereta, tukanunua petroli yetu wenyewe. Grupu ikanguruma, gari likakataa. Mzee mmoja anayetunza mashine pale akatazama taa nyekundu, akaniuliza, "Mama, hii inatafuta teri, sivyo?" Grupu ndogo nyingi zinatoa waya mbili ambazo hakuna hata mmoja ulioshikana na ardhi, kwa hiyo gari haliioni teri. Alizima mashine, akaufunga waya mmoja kati ya hizo mbili kwenye chasisi ya grupu na kwenye chuma kilichopigiliwa ardhini, akawasha tena. Taa ikawa ya kijani. Ni kazi ya dakika kumi kwa anayejua, na ni hatari kwa asiyejua, basi mwachie anayejua. Tulikaa saa sita tukapata kilowati-saa 13 na zaidi kidogo, kwa lita sita za petroli. Zikatufikisha Likasi kwa amani.

Kinachookoa muda kweli ni triphasé, yaani umeme wa fezi tatu. Karakana za kulehemu, visaga mahindi, warsha za migodi, wote wanayo. Gari letu likipata prizi ya aina hiyo linapokea kilowati 11, karibu mara tano ya nyumbani. Safari ya pili tuliingia Likasi na asilimia 70, kwa sababu tulikwenda polepole, na baada ya saa mbili na nusu tukatoka na 100. Tulipatana na karakana mbili badala ya moja, ya pili ikiwa na grupu kubwa. Bei ipatanwe kwa kilowati-saa, si kwa saa, na ubebe kipimo chako kidogo cha kuchomeka ili pande zote mbili zione namba ile ile. Hapo hakuna ugomvi.

Wengi wananiuliza kuhusu sola. Tulibeba paneli mbili za wati 400. Kwa jua la kiangazi cha Biano, ambalo ni zuri kuliko yote niliyoyaona, zilitupa kilowati-saa 3 hivi kwa siku. Kwa gari hiyo ni kilomita 10 au 12 tu za udongo. Lakini zilitosha friji, taa na simu, kwa hiyo betri ya safari haikuguswa kwa ajili ya kambi. Zichukueni kwa kazi hiyo.

Makala tuliyaacha nyumbani mara ya pili. Pikapu ina prizi nyuma, tukachomeka resho. Kupika bukari (ugali) na kapenta (dagaa) kwa resho ya wati 1,000 kwa nusu saa ni nusu kilowati-saa, kilomita mbili tu. Na kuna sababu kubwa zaidi ya kutowasha moto: mwezi wa saba nyasi zote zimekauka na watu wanachoma pori kwa ajili ya kuwinda na kulima. Tulipiga kambi mahali palipokwisha kuungua, peusi, ambapo moto hauna tena cha kula. Panachafua viatu, lakini utalala.

Kwenye mchanga, punguza upepo wa matairi kabla ya kuzama, si baada. Sisi tulishuka hadi bari 1.5 na gari lililokuwa likichimba likaanza kuelea. Beba pampu ya kurudisha upepo, maana kwenda kwenye lami na matairi laini ni kuyaua. Gari la umeme lina faida moja hapa: linasukuma taratibu tangu mwanzo, bila klachi, bila kuruka. Lina na shida yake: ni zito, na betri iko tumboni. Nilishuka kutembea mbele ya gari kila palipokuwa na kisiki au jiwe. Kisiki cha mti uliokatwa kwa ajili ya makala kinaweza kuchoma sakafu ya betri, na hiyo hakuna fundi wa kuitengeneza kati ya pale na Lubumbashi.

Usiku kipimo chetu kilisoma digrii 4. Hebu watoto walale na soksi. Gari lenyewe lilipoteza asilimia 2 kila usiku, baada ya kuzima kamera za ulinzi na kila kinachoamka chenyewe. Asubuhi usiondoke mara moja. Acha jua liguse gari, pika chai, ondoka saa tatu.

Jambo ambalo halina namba: kabla ya kupanda uwanda, pita kwa chefu wa kijiji cha mwisho. Msalimie, mwambie mko wangapi na mtashuka siku gani. Mtandao wa simu unakwisha huko juu, kwa hiyo ramani iwe imeshushwa kwenye simu tangu mjini, na kadi ya kufungulia gari iwe mfukoni, si programu inayohitaji intaneti. Chefu ndiye atakayejua mkichelewa.

Asubuhi ya pili juu kule, ukungu ulikuwa umelala mabondeni na sisi tuko juu yake. Mtoto mkubwa wa yaya akaniuliza, "Shangazi, hii kuran tuliyokuja nayo ilitoka wapi?" Nikamwonyesha kusini-mashariki, upande wa mto Lufira, ambako bwawa la Mwadingusha linazungusha mashine tangu 1930. Na kobalti iliyo ndani ya betri? Nikamwonyesha kusini-magharibi, Kolwezi. Karibu sehemu saba katika kumi za kobalti ya dunia huchimbwa nchini kwetu, inasafiri hadi ng'ambo, na hii kidogo ilikuwa imerudi. Alikaa kimya akitazama gari. Mimi pia. Nataka watoto hawa walijue gari hili kuliko wanavyolijua vumbi lake.

Tulirudi Likasi na asilimia 32, na karatasi bado imebandikwa.

Mwaka huu yaya anataka Kundelungu, tukaone maporomoko ya mto Lofoi yanavyoanguka zaidi ya mita 300. Nimekwisha kugawanya barabara vipande. Kuran ya kurudi ndiyo sijaipata: nimempigia simu mwenye kisaga mmoja upande ule, anasema triphasé anayo lakini teri hana uhakika. Jumamosi naenda kuipima mwenyewe, kwa basi, kabla yaya hajaanza kupakia hema.