Maswali ya Wasomaji: Gari la Dizeli Linapochemsha

SWALI: Nina gari aina ya Toyota Land Cruiser Prado, la injini ya dizeli ya 1KZ-TE. Hapa mjini halinisumbui hata katika joto la Februari, lakini kila ninapopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, kabla sijafika Soni mshale wa joto hupanda na inanibidi nisimame. Kila wiki ninaongeza karibu nusu lita ya maji ingawa sioni hata tone chini ya gari. Fundi wa kwanza aliondoa thamostati (vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta), na hali ikazidi kuwa mbaya. Wa pili anataka ninunue rejeta mpya. Wa tatu anasema hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, ifunguliwe. Nimsikilize yupi? *Msomaji, Chumbageni, Tanga*

JIBU: Ndugu msomaji, usitoe fedha kwa yeyote kati yao mpaka gari lipimwe, kwa maana katika maelezo yako sioni mahali ambapo kuna fundi aliyepima kitu. Umetueleza dalili mbili ambazo zinaweza kuwa na chanzo kimoja au viwili tofauti: gari linachemsha mlimani, na maji yanapungua bila kuonekana yanakokwenda.

Tuanze na mlima. Gari linalochemsha kwenye foleni tu, kwa kawaida lina tatizo la feni, kwa sababu likiwa limesimama hakuna upepo mwingine unaopita kwenye rejeta. Linalochemsha likiwa katika mwendo wa kasi, kwa mfano kati ya Muheza na Segera, upepo linao wa kutosha, hivyo hushukiwa rejeta iliyoziba ndani au wota pampu isiyosukuma maji ipasavyo. Mlima wa Soni huunganisha shida zote mbili: injini inafanya kazi kubwa katika gia ndogo, huku mwendo ukiwa mdogo mno kuleta upepo. Feni au rejeta iliyochoka kidogo, ambayo katika tambarare ya Tanga isingegundulika, huumbuka hapo.

Kabla ya yote rudisha thamostati, iliyo mpya na ya kiwango cha joto kinachotakiwa na injini yako. Ninalisisitiza hili kwa sababu desturi ya kuiondoa imeenea sana katika gereji zetu na imeharibu injini nyingi. Thamostati ya injini hii, pamoja na kufungua njia ya kwenda kwenye rejeta, hufunga njia ya mkato ambayo maji hupita kurudi kwenye injini bila kupoa. Ukiiondoa, njia hiyo hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huendelea kuzunguka ndani ya injini bila kuifikia rejeta. Hiyo ni sababu ya kutosha ya hali kuwa mbaya zaidi baada ya fundi wa kwanza. Wakati wa kuifunga, kile kitundu kidogo chenye kipini kinachochezacheza kielekezwe juu ili hewa ipate pa kutokea.

Pili, angalia klachi ya feni. Feni ya gari lako huzungushwa na injini kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni, ambayo huvuja polepole kadiri miaka inavyopita. Injini ikiwa imepata moto kamili, izime, hakikisha ufunguo uko mkononi mwako, kisha sukuma feni kwa mkono. Ikigoma na kusimama mara moja, ni nzima. Ikizunguka kwa wepesi mizunguko kadhaa, imekwisha. Tazama pia kama kava la plastiki linaloizunguka feni lipo, kwani mara nyingi huachwa gereji rejeta inapobadilishwa, na bila kava hilo feni hurudia kuzungusha hewa ileile ya moto.

Kuhusu rejeta, sisi wa pwani tuna adui wetu, nayo ni hewa ya chumvi. Gusa mapezi yake kwa ukucha. Yakipukutika kama unga, rejeta haitoi joto hata kama mirija yake ni safi, na hapo fundi wa pili atakuwa na haki. Mulika pia kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi, ambako vumbi, majani na wadudu hujikusanya bila kuonekana kwa mbele.

Sasa tuje kwenye maji yanayopotea, jambo ambalo linanitia wasiwasi zaidi. Kifuniko cha rejeta ni kitu cha bei ndogo, nacho ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. Kifuniko kilichoandikwa 0.9 (kiwango chake cha presha) hushikilia presha inayofanya maji matupu yachemke karibu na nyuzi 118 za Selsiasi badala ya 100. Springi yake ikilegea, faida hiyo hupotea, na unapopanda hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa Lushoto, iliyo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mvuke hutokea kwenye tanki la akiba wala huoni tone chini. Kifuniko kipimwe kwa pampu ya presha ya rejeta, na pampu hiyohiyo itumike kupima mfumo mzima injini ikiwa ya baridi. Wakati huo fundi achungulie kitundu kilicho chini ya wota pampu, apapase zulia la mbele upande wa abiria kama limelowa kutokana na hita, na afuate kila mpira hadi mwisho wake.

Ikiwa presha haishuki na hakuna palipolowa, ndipo tumfikirie fundi wa tatu. Hedi ya 1KZ-TE ni ya alumini na bloku yake ni ya chuma. Metali hizi mbili hutanuka kwa viwango tofauti, na injini iliyochemshwa mara kwa mara hupasuka hedi au huunguza gasketi inayoziba kati ya hedi na bloku. Asubuhi, kabla ya kuwasha gari lililolala usiku kucha, bonyeza mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa bado mgumu, au ukiwa mgumu ndani ya dakika moja baada ya kuwasha, gesi ya mwako inaingia kwenye maji, kwa sababu maji ya baridi hayawezi kujenga presha upesi kiasi hicho. Kuna pia dawa ya bluu ambayo hubadilika rangi ikikutana na gesi hiyo. Katika dizeli, kipimo hicho kifanyike baada ya gari kupanda mlima au kuvuta mzigo, maana injini ya dizeli isiyo na mzigo hutoa kaboni dioksaidi kidogo na inaweza kukudanganya kuwa ni nzima.

Ikithibitika kuwa gesi inaingia, hedi ifunguliwe, na ipimwe ufa kwa presha kabla ya kuguswa na mashine ya kuichonga. Kuchonga hedi yenye ufa ni kulipa mara mbili. Hakikisha pia gasketi mpya ni ya unene unaotakiwa, kwani kwa injini hii zipo za unene tofauti na huchaguliwa kwa kupima pistoni zinavyochomoza.

SWALI: Kwetu hakuna baridi ya kugandisha maji. Je, kuna ubaya nikitumia maji ya kisima peke yake? *Msomaji, Pangani*

JIBU: Upo, tena mkubwa. Kuzuia maji yasigande ni kazi moja tu ya kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta. Kazi inayotuhusu sisi ni kuzuia kutu na kulinda alumini, na kuongeza kiwango cha joto ambacho maji huchemka. Visima vya pwani vina chumvi na chokaa. Chumvi hula metali, na chokaa hujenga ukoko ndani ya mirija ya rejeta. Changanya kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa (yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke na kupozwa), na ukiyakosa, maji ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa vizuri yanafaa kuliko ya kisima. Usizidishe kulanti ukidhani unaongeza ubaridi, kwa maana maji ndiyo yanayobeba joto vizuri zaidi.

SWALI: Mshale wa joto wa gari langu haujawahi kuvuka katikati, lakini fundi anasema injini imechemka. Inawezekanaje? *Msomaji, Makorora, Tanga*

JIBU: Inawezekana kabisa. Kihisio cha joto kimetengenezwa kuguswa na maji. Maji yakivuja yote, hubaki hewani na kuonyesha joto la chini huku hedi ikiungua. Aidha, katika magari mengi ya Toyota ya miaka ya 1990 mshale umepangwa ukae katikati kwa kiwango kipana cha joto, hivyo unapoanza kusogea, muda wako wa kusimama ni mfupi. Simama, zima kiyoyozi, usifungue kifuniko mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono bila kuunguza, wala usimwagie injini maji ya baridi.