Je, maleba ya Léon Bakst yalitariziwa au yalipakwa rangi?

SWALI: Mimi ni fundi cherehani na nimepewa kazi ya kushona maleba ya onyesho la dansi. Nimevutiwa na michoro ya Léon Bakst. Je, alishona mwenyewe, na nakshi zile kubwa zilitariziwa au zilipakwa rangi?

JIBU: Ndugu fundi, Bakst, aliyezaliwa Grodno mwaka 1866 na kufariki mwaka 1924, alikuwa mchoraji wa maleba na mandhari ya jukwaa, kukata na kushona kulifanywa na mafundi wa karakana waliofuata michoro yake. Jina lake lilivuma Paris kupitia kundi la dansi la Sergei Diaghilev, Ballets Russes, hasa baada ya baleti ya Schéhérazade ya mwaka 1910.

Kuhusu nakshi, vazi moja liliweza kubeba mbinu kadhaa: darizi mahali pachache, vipande vya kitambaa cha rangi nyingine vilivyoshonewa juu, na rangi iliyopakwa kwa brashi. Wengine huona rangi ya brashi kuwa njia ya mkato, nami sikubaliani nao kabisa, kwa kuwa mtazamaji wa safu ya nyuma haoni mshono mdogo hata uwe mzuri kiasi gani, bali huona umbo na jinsi rangi zinavyopambana. Mwaka 1912, katika baleti ya L'Après-midi d'un faune, inayohusu kiumbe nusu mtu nusu mnyama, mcheza dansi Vaslav Nijinsky alivaa vazi lililobana mwili mzima, na madoa ya mnyama yakapakwa rangi juu yake, yakaonekana kama yameota kwenye ngozi. Darizi ingeweka uvimbe pale ambapo mwili ulitakiwa uonekane laini. Lakini mwaka mmoja kabla, katika baleti ya Le Spectre de la rose (Roho ya Waridi), petali za hariri zilishonewa juu ya vazi lake, kwa sababu waridi linahitaji kina ambacho brashi haitoi.

Kazi ya Bakst ya mwaka 1921 kwa baleti ya The Sleeping Princess, London, ilikuwa na mavazi mengi ya fahari, na gharama zake zilimwelemea Diaghilev kwa madeni, kwa hiyo usianzie hapo.

Jihadhari pia na puleki, vile vidoa vinavyometa vinavyoshonewa juu ya nguo. Baadhi ya puleki za zamani zilikuwa za jelatini, ambayo huharibika kwa joto na unyevu, na mcheza dansi hutoka jasho jingi.

Kwa hiyo paka nakshi yako kwenye kipande cha kitambaa kilekile, kikunje na kukivuta kikishakauka uone kama rangi inapasuka, kisha kitundike ukutani na ukitazame ukiwa hatua ishirini nyuma, kabla hujagusa mkasi.