Unanunua Kitabu, Hununui Nyota: Miaka Sita na Benzi Mjini Moshi

Kila mwezi wa 12, ndugu zetu wanapopanda kutoka Dar es Salaam kuja "kuhesabiwa" nyumbani, Moshi hujaa magari ambayo kwa miezi 11 hatuyaoni, na kila Januari napata maswali yale yale kutoka kwa vijana walioiona Benzi ya binamu imeegeshwa kando ya mgomba kule Machame au Rombo, wakauliza bei ya gari kama lile, wakashangaa kuambiwa kwamba la mkononi linauzwa karibu sawa na Toyota ya umri ule ule. Wanataka kujua mwalimu wa sekondari kama mimi analimudu vipi. Jibu ni refu kidogo, kwa hiyo nimeona niliandike mara moja.

Langu ni C200 Kompressor ya mwaka 2005, umbo ambalo mafundi hulijua kwa jina la W203. Nililinunua likiwa namba C, yaani herufi za usajili wake zinaanza na C, na lilikwisha kupita katika mikono ya watu wawili hapa nchini baada ya kutoka Japani. Limenisumbua sana kwa miezi minane ya mwanzo, na katika miaka iliyofuata limenisumbua kidogo kuliko gari lolote nililowahi kuwa nalo. Tofauti ya vipindi hivyo viwili haikutokana na bahati. Katika miezi minane ile nilikuwa nalipa madeni ya watu wengine: oili ambayo haikumwagwa kwa wakati, maji ya bomba yaliyotiwa kwenye rejeta, waya uliokatwa ili taa ya onyo izimike. Benzi kuukuu inauzwa rahisi kwa sababu hiyo, kwamba muuzaji anakukabidhi gari pamoja na deni lake la matengenezo, na deni hilo halionekani kwenye rangi wala kwenye viti vya ngozi.

Wanaoamini kwamba gari la Kijerumani haliharibiki huwa nawasimulia habari za mama mmoja wa mwaka 1888. Karl Benz alikuwa ameomba hataza ya gari lake la magurudumu matatu tarehe 29 Januari 1886, akapewa hati namba 37435, lakini wateja walikuwa wachache na yeye mwenyewe alisitasita. Agosti 1888 mkewe, Bertha, alilichukua gari bila kumwambia mume, akawapakia wanawe Eugen na Richard, akaondoka Mannheim kwenda Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100, yaani kama kutoka hapa Moshi hadi Same. Mafuta yalipopungua alinunua ligroini, kimiminika cha kusafishia madoa, kwenye duka la dawa mjini Wiesloch. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia yake. Waya ulipochubuka aliukinga kwa ukanda wa soksi, na breki za mbao zilipoanza kulika alimwomba fundi viatu azipigilie ngozi. Aliporudi alimshauri mumewe aongeze gia ya kupandia milima. Safari ndefu ya kwanza ya gari duniani ilikuwa safari ya matengenezo, na aliyeifikisha salama alikuwa mtu aliyeijua mashine yake kwa mikono.

Jina la Mercedes wala halikutoka kwa Benz. Lilitoka kwa washindani wake, kampuni ya Gottlieb Daimler, ambako mfanyabiashara Emil Jellinek aliagiza magari ya mashindano na kuyaita kwa jina la binti yake. Jina hilo lilisajiliwa mwaka 1902, nyota ya ncha tatu ikafuata mwaka 1909, ikimaanisha injini za nchi kavu, majini na angani, na mwezi Juni 1926 kampuni hizo mbili ziliungana.

Huku kwetu nyota ile ilipata maana nyingine kabisa. Baada ya Uhuru, Waswahili waliwatazama wakubwa wapya waliokuwa wakiendeshwa kwenye magari hayo, wakawapachika kabila: kama walivyokuwepo Wachaga, Wapare na Wameru, sasa kulikuwa na Wabenzi. Sijui neno jingine la dhihaka lililotengenezwa kwa ufundi kama huo kwa kiambishi kimoja tu cha ngeli. Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni na kumiliki nyumba za kupangisha, na tangu hapo kuonekana kwenye Benzi kulihitaji maelezo. Maelezo hayo bado yanadaiwa, nami nitayarudia mbele kidogo, kwa sababu yana gharama.

Sasa tuje kwenye kununua. Kabla ya kulipata hili langu nililikosa jingine, na nashukuru. Niliahidiana na dalali wa yadi moja ya Arusha kwamba nitafika saa moja asubuhi, nikamsisitiza asiliwashe gari kabla sijafika. Nilipofika nilimsalimia, na huku tukiulizana habari za nyumbani nikaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto. Nikamwambia, "Kaka, hili limeshaamka." Akacheka, akasema alilisogeza tu kupisha lori. Sikuendelea na mazungumzo ya bei. Injini ya Kompressor ya lita 1.8, ile inayoitwa M271, ina mnyororo wa ndani ambao hurefuka kwa uchakavu, hasa oili ikiwa mbovu, na dalili yake kubwa ni mkwaruzo unaosikika kwa sekunde chache injini ikiwashwa ikiwa baridi. Ikishapata moto hunyamaza, na mnunuzi huondoka akisifia ukimya wake. Kwa hiyo nenda asubuhi, na umwombe muuzaji mwenyewe awashe huku wewe umesimama mbele ya boneti iliyo wazi.

Usidanganywe pia na namba iliyobandikwa nyuma. Kwenye umbo hili, C180 Kompressor na C200 Kompressor za kuanzia mwaka 2002 zinatumia injini ya ukubwa ule ule wa lita 1.8, zikitofautiana kwa nguvu, farasi 143 na 163. Wala usikorofishane na mtu anayekuambia gari lako si la Ujerumani, kwa sababu C-Class za usukani wa kulia zimekuwa zikiundwa pia East London, Afrika Kusini, na hilo si kasoro.

Kitabu cha sevisi ndicho cha kutazama kabla ya rangi. Gari la Japani huja na kijitabu chenye mihuri, na lililopitia mnadani huwa na karatasi ya mnada inayotaja kilomita za siku ile. Linganisha karatasi hiyo na dashibodi, kwa maana kilomita hurudishwa nyuma kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani. Kisha mwombe mwenye gari risiti za miaka yake ya hapa nchini. Wengi hawana, na wanakujibu kwamba "gari ni ingia endesha". Hapo ndipo bei inapotakiwa kushuka. Kanuni yangu ni kwamba Benzi isiyo na risiti nainunua nikiwa nimebakiza mfukoni theluthi moja ya bei yake, na nikishindwa kubakiza, siinunui.

Theluthi yangu ilianza kuliwa Himo. Tulikuwa tunashuka kutoka msibani Marangu, mimi na mama watoto na shangazi yake aliyekaa nyuma na kapu la ndizi, na nilipoingia barabara kuu ya kwenda Moshi gari likajikwaa, kisha likakataa kupanda zaidi ya gia ya pili. Injini ilinguruma, mwendo ukawa wa kilomita 40 kwa saa. Pale Uchira daladala tatu zilitupita zikifuatana, abiria wakichungulia kuona ni nani huyo anayebembea na Benzi kama anasindikiza jeneza. Shangazi aliuliza kwa upole, "Baba, na hili nalo ni la kusukuma?" Nilisimama, nikazima, nikawasha tena, likaenda vizuri kwa kilomita kama mbili, likarudi kwenye gia ya pili.

Kijana aliyelitengeneza ni mwanafunzi wangu wa zamani, ana gereji ndogo upande wa Pasua. Aliniamkia, akaniletea kigoda, kisha akanionesha jambo ambalo ningetamani nilijue kabla. Gia boksi hii ya gia tano, ambayo mafundi huiita 722.6, hupitisha nyaya zake kwenye plagi moja yenye pete za mpira. Mpira ukizeeka oili hupenya, ikapanda ndani ya nyaya zenyewe kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, ikafika kwenye kompyuta ya gia boksi, nayo ikichanganyikiwa hujilinda kwa kubaki gia ya pili. Plagi hiyo ina bei ya jozi ya viatu vya shule. Kilichonigharimu ni mambo mengine. Fundi wa mmiliki aliyetangulia alipoona oili inapungua aliongezea ya gia boksi ya kawaida, na tulipoimwaga ilitoka nyeusi, inanuka kama maharage yaliyoungua. "Mwalimu," kijana akaniambia, "hili gari halikuugua. Limelishwa vibaya."

Tangu siku hiyo nashika mambo yafuatayo bila kujadiliana na mtu. Gia boksi hii haina kijiti cha kupimia oili kama ulivyozoea. Fundi huwa na kijiti chake mwenyewe, na kipimo sahihi husomwa oili ikiwa na joto la nyuzi 80. Asiyekuuliza habari za joto usimwachie gari. Oili yenyewe iwe imeandikwa kwenye kopo kwamba inakidhi kiwango cha Mercedes namba 236.14, nami huibadilisha kila kilomita 60,000, ijapokuwa wapo watakaokuambia ni ya maisha. Oili ya injini ni lita tano na nusu za kiwango cha 229.5, na sisubiri taa inikumbushe.

Maji ya rejeta nayo yanahitaji maneno machache, maana sisi wa milimani tuna hoja ya ziada. Mjini Arusha, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,400, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na injini hii hufanya kazi karibu na nyuzi 90. Kinachozuia lisichemshe ni mgandamizo unaotunzwa na mfuniko, pamoja na kiowevu maalumu kinachochanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi. Mfuniko uliochoka ukikutana na maji ya bomba, mlima wowote utakuumbua.

Kuhusu spea, nilipoteza fedha mara moja tu. Duka moja la Dar es Salaam lilinihakikishia kwa simu kwamba sensa fulani "inaingiliana", nikalipa, nikaenda stendi saa mbili usiku kupokea kifurushi kwenye basi, na asubuhi fundi akakiweka pembeni ya ile ya zamani: plagi zilitofautiana umbo. Siku hizi sitaji mwaka wala aina. Natuma picha ya namba ya chasisi inayoanza na WDB203, na nataka muuzaji anitajie namba ya kifaa, ile inayoanza na herufi A ikifuatwa na tarakimu 10, kabla sijatuma hata senti. Na kabla ya kununua sensa yoyote pima betri kwanza. Ikiwa gari limezimwa isome takribani volti 12.6, na likiwaka izidi 13.5, kwa sababu umeme ukipungua kompyuta za gari hili hulalamika kuhusu vifaa vizima kabisa.

Kwa anayetamani E-Class ya umbo la W211 nina onyo moja. Za mwanzo zilikuwa na breki za kielektroniki zilizoitwa SBC, ambazo mwaka 2004 zilisababisha magari 680,000 kuitwa kukaguliwa, na mwaka 2006 kampuni iliuacha mfumo huo kwenye umbo hilo. Tafuta la baada ya hapo.

Barabara yenyewe nimeizoea. Nilivua rimu kubwa alizozifunga mwenye gari wa pili, nikarudisha za inchi 16 na tairi za 205/55, na matuta ya kati ya Boma Ng'ombe na Usa River hayanitishi tena.

Gharama ambayo hakuna fundi atakayekuambia ni ile ya Wabenzi. Kadi ya mchango wa harusi ikifika kwangu, huletwa na mjumbe wa kamati aliyeliona gari kwanza, na ahadi anayotarajia ni ya mwenye nyota, si ya mwenye ngazi ya mshahara wa mwalimu. Kisha huja ombi la pili, la gari kumbeba bibi harusi. Nimekubali mara nne, kwa sharti kwamba naendesha mwenyewe, na mara zote nne nimetumia Jumapili yangu kubandua utepe wa gundi kwenye rangi. Anayenunua Benzi hapa Kilimanjaro aiweke bajeti hiyo pamoja na bima.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Majengo alikuja kulitazama, kwa kuwa nakaribia kustaafu na nafikiria kuliachia. Nilimpa daftari langu kwanza: kila risiti imebandikwa, kila kilomita imeandikwa, na picha za ile oili nyeusi zimo. Alifunua ukurasa wa kwanza, akalifunga, akaniuliza kama redio inashika simu.