Ukiwapandisha watoto kilimani, fyata ulimi

Juzi mwalimu mmoja wa Kasulu kaniandikia: ana darasa la tano, kuna kilima nyuma ya shule, aanzie wapi?

Anza na mkuu wako wa shule, ndugu yangu. Nina sababu. Mkuu mmoja niliyefanya kazi chini yake alinisema mbele ya walimu wote kwamba nazurura na watoto wa watu, na kwamba kilima hakitoki kwenye mtihani. Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka, ila mpaka leo linanichoma. Siku hizi shule zinanitafuta zenyewe niwapandishe watoto wao vilima vya huku Kigoma mjini, kwa hiyo tumeshalipana.

Ondokeni asubuhi mapema, jua halijawa kali. Viatu vya kufunika vidole, maji, ruhusa ya wazazi, mwalimu mmoja mbele na mwingine nyuma kabisa. Hayo unayajua. Kazi ngumu ni kunyamaza.

Wiki iliyopita tulikuta kichuguu njiani, kijana mmoja akakimega kwa kijiti. Sikumkaripia. Watoto wakainama. Wakatoka kwanza mchwa wenye vichwa vikubwa, wakalinda tundu, taya wazi. Nyuma yao wakaja wadogo, kila mmoja na kitonge cha udongo mbichi mdomoni, wakaanza kuziba.

"Hawa mafundi!"

"Na wale polisi!"

Hakuna aliyekumbuka kwamba tulikuwa tunapanda. Ndipo nikasema kwa ufupi tu: humo ndani wanalima kuvu, ndicho chakula chao. Binti mmoja akadakia, "Kumbe ndiyo maana bibi anachuma uyoga kwenye vichuguu mvua zikianza!" Ningekuwa nimeshika chaki, asingesema.

Ukipanda vilima vya huku Kigoma mjini, juu utaliona Ziwa Tanganyika, na ulimi utakuwasha utaje kina: mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Subiri. Waulize kwanza mbona mitumbwi ya dagaa imelala ufukweni. Mtoto wa mvuvi atakueleza kwamba ni mbalamwezi, dagaa hawaifuati taa. Akishamaliza, taja mita zako, watasikiliza.

Walimu wenzangu, tuna ugonjwa wa kuongea. Mtoto akiuliza, tunamjibu kabla hajafunga mdomo, halafu tunalalamika hawafikirii! Nyamazeni. Wanaochoka msiwaite wavivu, kaeni nao kivulini. Mara nyingi ndio wanaomwona kinyonga.

Wewe wa Kasulu, kama kilima chako kina miombo, nenda Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, majani mapya yanapotoka mekundu hata kabla ya mvua. Wataanza kubishana kama miti inaumwa. Waache wabishane mpaka chini, na mkishafika usiwadai insha.